Mwaka Mzima katika Bonde la Lötschental



Siku ya Jumatano, tarehe 28 Mei 2025, mkesha wa Sherehe ya Kupaa Bwana Mbinguni, yapata saa tisa na nusu alasiri, kijiji cha Blatten katika milima ya Alpi nchini Uswisi kilifunikwa na mlima wake chenyewe. Mawe, udongo na barafu viliporomoka kwa pamoja, na kwa muda mfupi sana sehemu iliyo kubwa ya kijiji, takriban asilimia tisini, ikawa chini ya kifusi. Kanisa lilikwenda pamoja na nyumba. Habari hizo zilitangazwa kote duniani kwa siku chache, kisha zikapisha nyingine, kama ilivyo desturi ya habari.

Juma hili ningependa tulirudie bonde hilo bila haraka, tuuzunguke mwaka wake wote. Picha tulizoonyeshwa zilikuwa za siku moja, nazo haziwezi kutueleza ni kitu gani kilichokuwa pale. Bonde kama lile haliwezi kujulikana kwa kuangalia nyumba. Linajulikana kwa kalenda yake.

Lötschental ni bonde la upande wa kusini wa Alpi za Bern, katika kantoni ya Valais, ambayo wakazi wake wengi ni Wakatoliki tangu kale. Mto Lonza hulipitia kwa urefu wake wote na kuteremka katika mto Rhône. Juu yake upande mmoja umesimama mlima Bietschhorn, wenye mita 3,934, ambao Mwingereza Leslie Stephen alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kileleni pake, mwaka 1859. Vijiji ni vinne: Ferden, Kippel, Wiler na Blatten, na kila kimoja kina vitongoji vyake. Kwa lugha yetu ya kichungaji tungesema kwamba Kippel ndiyo ilikuwa makao ya parokia na vingine vilikuwa vigango. Kwa karne nyingi kanisa la Mtakatifu Martino la Kippel lilikuwa kanisa mama la bonde zima, na paroko wake huitwa Prior hata leo. Hakika watu hawa hawakuwa mabwana wa nafsi zao sikuzote: walikuwa chini ya wilaya za juu za Valais tangu karne ya 14, wakanunua uhuru wao kwa fedha mwaka 1790.

Tuanze na Pasaka. Mgeni akifika Ferden siku ya Jumatatu ya Pasaka atakuta watu wamekusanyika ili kupokea sadaka ya kale. Ni mkate, divai na jibini ya pekee. Jibini hiyo haikununuliwa. Katika siku maalumu za kiangazi kilichotangulia, maziwa yote ya malisho ya mlimani ya kijiji hutengwa, hayauzwi wala hayanywewi na mwenye ng'ombe, bali hufanywa jibini na kuhifadhiwa mpaka Pasaka. Zamani sadaka hii ilikuwa ya maskini, nao walitoka mbali kuifuata. Wenyewe husimulia kwamba katika mwaka ambao watu waliacha kutoa, balaa iliwapata ng'ombe wao. Simulizi hilo siwezi kuliapia, wala mtu halazimiki kuliamini. Lakini tutazame jinsi jambo lilivyopangwa. Anayetoa hutoa mwezi wa saba, malisho yakiwa tele, na anayepokea hupokea mwisho wa majira ya baridi, wakati ghala ni tupu. Kati ya mkono utoao na mkono upokeao kuna miezi tisa ya uaminifu.

Baada ya Pasaka huja Sherehe ya Mwili na Damu Azizi ya Bwana. Hapo ndipo wageni wengi hupenda kufika, na hawakosei. Ekaristi Takatifu huzungushwa kijijini, na mbele yake na nyuma yake hutembea kundi la wanaume wa kijiji wanaojulikana kama askari wa Bwana Mungu. Wamevaa makoti mekundu, suruali nyeupe na kofia ndefu za manyoya ya dubu. Jumapili inayofuata, waiitayo Jumapili ya Baraka, hutoka tena. Mavazi hayo huwachekesha baadhi ya watalii, lakini historia yake ni nzito. Bonde halikuweza kuwalisha watoto wake wote. Kwa vizazi vingi vijana wa Valais walikwenda kuuza nguvu zao kama askari wa wafalme wa kigeni, hasa mfalme wa Napoli, hadi vikosi vya Waswisi vilipovunjwa huko mwaka 1859. Waliojaliwa kurudi walirudi na sare zao. Wakawa na vazi la kifahari lisilo na kazi tena, wakaamua kulivaa mbele ya Ekaristi. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa wa hekima kuliko hotuba nyingi zilizotolewa dhidi ya vita.

Kiangazi ni kifupi. Ng'ombe hupandishwa kwenye malisho ya juu, Faldumalp, Kummenalp, Lauchernalp, mpaka Fafleralp karibu na mwisho wa bonde. Zamani walioishi nao huko walikuwa hasa wanawake na watoto, kila familia ikiwa na kibanda chake, ikikamua na kutengeneza jibini yake, wakati wanaume walibaki chini kukata nyasi na kuzikausha kwa ajili ya majira ya baridi. Siku hizi vibanda vingi hukaliwa na watu wa mapumziko, na njia ya miguu inayoviunganisha hujaa wageni mwezi Agosti. Tarehe 2 Julai, siku ambayo kwa desturi ya kale huadhimishwa Bikira Maria kwenda kumtembelea Elizabeti, waamini wamekuwa wakihiji Kühmatt, juu ya Blatten, katika kanisa dogo lenye michoro na vitu vya shukrani vilivyoachwa na waliookoka katika magonjwa na ajali. Yafaa kuviangalia kwa makini, kwani vile ni kumbukumbu za hatari za bonde hilo, zilizoandikwa na watu wasiojua kuandika vitabu.

Mwaka 1931, na tena 1932, alifika daktari wa meno kutoka Cleveland, Marekani, aitwaye Weston Price. Alikuwa akitafuta watu wasiooza meno, akaambiwa aende Lötschental. Alikuta watu wapatao 2,000 wakila mkate wa rai, nafaka iliyo ndugu ya ngano, pamoja na jibini, siagi na maziwa, na nyama mara moja kwa juma hivi. Aliandika kwa mshangao kwamba bonde halikuwa na daktari wala daktari wa meno, kwa kuwa hawakuhitajika sana, wala halikuwa na polisi au jela. Aliyempokea na kumtumia sampuli za vyakula alikuwa Prior Johann Siegen, ambaye alikuwa paroko wa Kippel tangu mwaka 1914 hadi 1974. Miaka sitini katika parokia moja! Mapadre wenzangu watakaosoma hapa watajua wenyewe kama wacheke au walie. Siegen aliandika pia juu ya bonde lake na mila zake, na mchoraji Albert Nyfeler, aliyehamia Kippel, alilipiga picha kwa miongo mingi. Kwa hiyo maisha ya zamani ya bonde yanajulikana vizuri kuliko ya mahali pengi palipo pakubwa, na tangu mwaka 1982 Kippel ina makumbusho yake.

Lakini tujihadhari na picha ya paradiso. Price aliona meno mazuri. Hakukaa majira ya baridi kumi akiogopa theluji.

Majira ya baridi ndiyo yanayolitawala bonde. Tangu siku ya Kutolewa Bwana Hekaluni, tarehe 2 Februari, hadi usiku wa kuamkia Jumatano ya Majivu, barabara za vijiji huwa za Tschäggättä. Hawa ni vijana wanaojifunika ngozi za kondoo na mbuzi, wakafunga kengele za ng'ombe viunoni, na usoni wakavaa vinyago vya mti wa msonobari vilivyochongwa kwa sura za kutisha, vyenye meno ya ng'ombe. Huwakimbiza watu na kuwapaka theluji. Asili yake haijulikani kwa hakika. Wapo wasimuliao juu ya wezi wa kale waliovuka mto usiku wakiwa wamejificha nyuso. Katika karne ya 19 Maprior wa Kippel walijaribu kuizuia desturi hiyo, na kila mwenye macho anaona nani alishinda. Hata hivyo kengele hunyamaza Kwaresima inapoanza. Kanisa halikufaulu kuwafukuza, ila lilifaulu kuwawekea mpaka, na pengine hilo ndilo lililowezekana.

Hofu waliyoicheza kwa vinyago waliijua kwa sura yake halisi. Tarehe 29 Februari 1908 poromoko la theluji liliangukia Goppenstein, mlangoni pa bonde, ambako wajenzi wa reli walikuwa wamepanga, likaua watu 12. Tarehe 24 Julai mwaka huohuo, ndani ya handaki la Lötschberg lililokuwa likichimbwa kutoka upande wa pili, baruti ilifungua mwamba uliokuwa chini ya bonde la Gastern, maji na kokoto vikamiminika, na wachimbaji 25, wengi wao Waitaliano, wakafa. Handaki lilibadilishiwa njia, likafunguliwa mwaka 1913 likiwa na urefu wa kilometa 14.6. Kijiji cha Wiler nacho kilikuwa kimeteketea kwa moto mwaka 1900. Februari 1999 theluji ililifunga bonde lote, hakuna aliyetoka wala kuingia kwa barabara. Watu wa huko hawakudhani kamwe kwamba mlima ni rafiki.

Basi tunarudi Mei 2025. Juu ya Blatten kulikuwa na barafuto, yaani mto wa barafu utembeao polepole, uitwao Birch. Wataalamu walikuwa wakiufuatilia tangu miaka ya 1990. Barafuto nyingi za Alpi zinarudi nyuma. Zile za Uswisi zilipoteza kama asilimia kumi ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Birch ilisonga mbele, kwa sababu mwamba wa mlima Kleines Nesthorn uliokuwa ukimeguka uliiangukia na kuilemea. Ni kwa kiasi gani joto la dunia limelegeza barafu inayoshika miamba ya huko, wataalamu wanaendelea kulijadili. Kwamba Alpi zinapata joto upesi, hilo halina mjadala.

Tarehe 19 Mei watu wote wa Blatten, wapatao 300, waliambiwa waondoke, wakaondoka. Wakaacha nyumba za mbao zilizotiwa weusi na jua la karne kadhaa, vinyago vya babu zao, na makaburi ya wazazi. Hata ng'ombe waliondolewa. Siku tisa baadaye kijiji hakikuwapo. Kifusi kiliuziba mto Lonza, maji yakapanda na kuzimeza nyingi za nyumba zilizokuwa zimesalia. Mwanamume mmoja wa miaka 64 alifariki. Mabaki yake yalipatikana baadaye. Tumwombee pumziko la milele. Mamia ya maisha yaliokolewa na vyombo vya kupimia, na hilo tulishukuru. Lakini yaliokolewa pia na utii wa watu waliozoea kuamini kwamba anayesema mlima unakuja hasemi mzaha.

Tangu hapo Waswisi wanabishana. Je, ni haki kutumia fedha nyingi za umma kujenga tena kijiji cha watu 300 chini ya milima inayoyeyuka? Wapo wasemao kwamba mabonde ya namna hiyo yaachwe, watu wateremke mijini ambako kuna kazi na usalama. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na anayeipinga kwa machozi tu haitendei haki. Ila ina kasoro moja: huhesabu nyumba, barabara na wakazi, kisha hufunga daftari. Haihesabu maziwa ya kiangazi yanayongoja Pasaka, wala koti jekundu lililorithiwa, wala kijana anayejua usiku gani anapaswa kuvua kinyago. Mtu akihamia Bern au Visp anaweza kubeba picha na kengele. Hawezi kubeba Jumatatu ya Pasaka ya Ferden, kwa maana hiyo huhitaji malisho yaleyale na majirani walewale. Kwa upande mwingine, hakuna Mkristo anayeweza kumwambia mzazi alaze watoto chini ya mwamba uliolegea kwa ajili ya kutunza desturi. Kati ya mambo haya mawili sioni njia rahisi.

Viongozi wa Blatten walisema mapema kwamba wanataka kijiji kijengwe upya, na mipango ikaanza, kwa kuchagua sehemu zilizo salama zaidi. Wakati huo watu wengi waliopoteza kila kitu walikuwa wakilala Wiler, Kippel na Ferden, katika nyumba za ndugu, za majirani na za wageni wa mapumziko waliotoa funguo zao.