Fundi na Mwanafunzi: Historia Fupi ya Mafunzo ya Kazini katika Vyuo Vikuu

Neno "mwanafunzi" lina nasaba ambayo yafaa ichunguzwe kabla ya kuzungumzwa habari za vyuo vikuu. Shina lake ni lile la kitenzi "funda", lililozaa pia "funza", "fundisha", "mafunzo" na "fundi". Katika Kiswahili, basi, mwenye kufundishwa kwa kitabu na mwenye kufundishwa kwa randa na patasi waliitwa kwa jina moja. Kijana aliyewekwa kwa seremala, mshonaji au mhunzi katika miji ya pwani alikuwa mwanafunzi wake. Alianza kwa kufagia na kushika ncha ya kamba. Akatazama, akajaribu, akakosolewa. Na alipohitimu, fundi alipewa kilemba, yaani ada ya kumshukuru. Kujua jina la chombo na kujua kukitumia yalikuwa mafunzo ya siku moja.

Utengano wa mambo hayo mawili ulikuja na shule za kisasa, na nchi zilizotangulia kuwa na viwanda ndizo zilizotangulia kuuona ubaya wake. Nchini Marekani mhandisi Herman Schneider, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha Lehigh huko Pennsylvania, aliona kwamba yapo mambo ya kazi yake yasiyoweza kufundishwa darasani, hata chuo kiwe na karakana nzuri namna gani. Alihamia Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1903, na mwaka 1906 akaanzisha mpango wake kwa wanafunzi 27. Wanafunzi waligawanywa wawili wawili: mmoja alipokuwa darasani, mwenziwe alikuwa kiwandani, na baada ya juma moja walibadilishana. Kiwanda kilimlipa kijana ujira, na kazi haikusimama. Mpango huo ulienea, na mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Waterloo, nchini Kanada, kilianzishwa juu ya msingi wa namna hiyo hiyo.

Katika Afrika jambo hili lilichukua sura nyingine, kwa kuwa halikuwa la viwanda peke yake, bali liligusa uhusiano wa msomi na watu waliomsomesha. Nijeria iliunda Mfuko wa Mafunzo ya Viwandani mwaka 1971, na mwaka 1973 ukaanzishwa chini yake mpango wa kuwapeleka wanafunzi kazini. Tanganyika ilikuwa imefungua Chuo Kikuu chake mjini Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kwa kitivo kimoja tu, cha sheria. Haukupita muda mrefu swali likazuka: je, msomi ana deni gani kwa mkulima na mfanyakazi? Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kupokea sehemu tu ya mshahara, na Rais Nyerere akawarudisha makwao. Mwezi Machi 1967 ilitoka hati yake ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka shule isimtenge kijana na kazi za jamii yake.

Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1973, mafunzo kwa vitendo viwandani yalifanywa kuwa sehemu ya masomo. Mwaka uliofuata serikali ilikwenda mbali zaidi. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974 iliamua kwamba mtu asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Sharti kwanza awe amelitumikia Taifa, amefanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na amepata sifa njema kazini na katika Chama. Schneider alikuwa ameichanganya kazi na masomo. Azimio la Musoma liliitanguliza kazi. Faida yake ilikuwa wazi, kwani aliyekwisha kufanya kazi huingia darasani na maswali yake mwenyewe. Hasara nayo ilionekana upesi. Idadi ya wanawake ilipungua, ikabidi wao waruhusiwe kuingia bila ya kungoja; na aliyekaa miaka kadhaa bila ya kushika kitabu cha hesabu alirudi amesahau mengi. Katika miaka ya 1980 utaratibu huo uliachwa, na ukabaki ule wa kumtuma mwanafunzi kazini kwa majuma machache katikati ya masomo yake.

Sasa hapana budi kuuliza: katika majuma hayo mwanafunzi hujifunza nini? Aghalabu hutajwa nidhamu ya saa, utii kwa wakubwa, na matumizi ya mitambo. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna funzo jingine lisilotajwa sana, nalo ni la lugha.

Chuo Kikuu hufundisha uhandisi kwa Kiingereza. Jengo hujengwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi amekwisha kusoma kwa Kiingereza habari za uzani, mkazo na nguvu za chuma. Afikapo kwenye jengo husikia nondo, ringi, kokoto, kenchi, timazi na pimamaji. Na akitumwa timazi huenda akasimama asijue atazame wapi, ijapokuwa kanuni ya chombo hicho aliijibu vyema katika mtihani. Maneno ya mafundi yamekusanywa kwa karne nyingi na kutoka pande nyingi, kama "parafujo" iliyotoka katika Kireno inavyoshuhudia. Nayo huendelea kusafiri: wanafunzi wenyewe wamelichukua neno "nondo" na kulitumia kwa hoja nzito.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la majina tu. Chukua mfano wa zege. Fundi huongeza maji ili zege lilainike na kumwagika kwa wepesi. Mwanafunzi amefundishwa kwamba maji yakizidi kipimo, zege likishakauka hupungua nguvu. Hapo elimu ya darasani ina kazi ya kufanya, nayo ni kazi inayohusu roho za watakaokaa ndani ya jengo. Lakini haitafanyika mpaka kijana aweze kusema, kwa adabu na kwa maneno yanayoeleweka, "Fundi, maji haya yataliharibu zege," na aweze kueleza sababu yake fundi atakapoiuliza. Akishindwa, hunyamaza, na elimu iliyonyamaza haikumfaa mtu. Kadhalika fundi anayo mengi ambayo vitabu havina, na kijana asiyeijua lugha ya kazi hawezi hata kumwuliza.

Mafunzo ya kazini, basi, ni mahali ambapo istilahi hupimwa. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, kisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoundwa mwaka 1964, ambayo tangu 2009 imo katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, juhudi kubwa imefanywa ya kuunda na kusanifu maneno. Istilahi nyingi zimebuniwa mezani, na si haba zilizokaa kwenye orodha bila ya kutamkwa na fundi yeyote. Wakati huo huo, kila mwaka wanafunzi hutumwa viwandani, bandarini na kwenye majengo. Husikia maneno yaliyo hai, kisha huandika taarifa zao kwa Kiingereza, na maneno hayo huishia kwenye lango la kiwanda.

Dawa yake si ghali. Kila mwanafunzi aendaye kazini aweza kutakiwa kuandika, pamoja na taarifa yake, maneno ya Kiswahili aliyoyasikia, chombo au tendo linalotajwa, na mahali lilipotumiwa; na wataalamu wa lugha wakayapokea, wakayalinganisha, wakayaingiza katika kamusi yanayostahili. Kwa njia hiyo mhandisi atapata lugha ya kusemea na fundi, na mtunga kamusi atapata shahidi wa maneno yake. Maadamu watu hao wawili wameitwa tangu zamani kwa majina ya shina moja, si haki Chuo Kikuu kiendelee kuwafanya wageni.