Ndovu na Watu wa Mapango ya Elgon

Nimeurudia Mlima Elgon baada ya miaka mingi, nikitokea Kitale kwa njia ya Endebess, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa bado umeyalalia mashamba ya mahindi. Na nilipolivuka lango la Chorlim, harufu ya mierezi yenye umande ilinirudishia siku ya kwanza kabla macho hayajamwona hata mbega mmoja. Wabukusu wa Bungoma huuita mlima huu Masaba. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Sisi wa Kenya tunacho Koitobos, mita 4,222. Na volkano iliyouzaa ilizimika zamani sana, ikaacha shimo pana la kreta ambamo lobelia husimama kama walinzi.

Lakini kilichonirudisha ni mapango. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa na msafara wake mwaka 1883, aliwakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao, naye kwa kustaajabia ukubwa wa vyumba vile vya mawe akadhani vilichongwa na wanadamu wa kale waliokuwa wakichimba vito. Dhana hiyo haikuwa sahihi. Maji yaliyopenya katika mwamba laini wa majivu ya volkano ndiyo yaliyoanza kazi, na ndovu, wakitafuta chumvi ambayo majani ya mlimani hayawatoshelezi, wakaiendeleza kwa pembe zao, kizazi baada ya kizazi.

Ndani ya Kitum, pango liingialo mlimani kiasi cha mita 200, niliinua taa nikaiona mifuo yao ukutani, imepita juu ya kichwa changu, mingine ikiwa na weupe wa mwamba uliochubuliwa karibuni, na chini yake unga wa jiwe umelala. Huingia usiku, katika giza lisilo na nyota, wakiipapasa njia kwa mkonga, na pembeni upo ufa mrefu ambamo ndama wamewahi kutumbukia wasitoke. Miaka ya 1980 majangili waliwaua wengi kwa tamaa ya pembe, na ninaamini kwamba hakuna msiba ulioupata mlima huu ulio mzito kuliko huo, isipokuwa ule wa watu wake.

Maana hifadhi ya taifa ilipotangazwa mwaka 1968, na kilomita za mraba 169 zikatengwa kwa wanyama, historia ya wenyeji ilianza kusimuliwa kana kwamba wao walikuwa wageni. Mwaka 2000 Chepkitale, maskani ya Ogiek tangu enzi za mababu, nayo ikafanywa hifadhi, na wafugaji na warina asali hao wakahesabiwa wavamizi katika ardhi yao wenyewe, hali ndovu na mbega walikuwa wamekaa nao siku zote. Walikwenda mahakamani kudai haki, na Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ikahukumu kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii hiyo.

Basi msomaji, ukijaaliwa kufika Kitum, chukua taa nzuri, usiwaguse popo wala usikae nao kwa muda mrefu, kwa kuwa mwaka 1980 na 1987 wageni waliozuru pango hilo waliugua homa ya virusi vya Marburg wakafa. Itazame mifuo ya ndovu kwa utulivu, kisha, kabla hujarudi kwenu, watafute wazee wa mlima uwasikilize.