Ramani za Kale na Mifongo ya Wazee Wetu

Katika miaka kumi ya Chama Kikuu chetu tumezoea kutazama nyuma kwa kufungua vitabu vya hesabu, ili tujue ni magunia mangapi ya kahawa yaliyokusanywa na ni fedha kiasi gani walizolipwa wakulima. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Hapa twapenda kuwaalika mtazame nyuma zaidi, kwa msaada wa kitu ambacho wengi hudhani ni cha wapimaji na wanajeshi tu, nacho ni ramani ya kale.

Kilichotutia katika kazi hiyo ni ugomvi. Wanachama wa vyama viwili vya msingi vilivyo jirani, juu na chini ya mlima, waligombania mfongo mmoja. Wa chini walidai kuwa ni wa mababu, na kwamba maji yake ni haki yao yote. Wa juu walisema ulichimbwa juzi tu. Maneno yakawa makali, hata wengine wakakataa kupeleka kahawa katika ghala moja na wenzao. Ndipo Kamati ilipotuagiza sisi wa ofisini tutafute ushahidi.

Tulianza na ramani ya Wadachi, iliyochorwa na Paul Sprigade na Max Moisel na kupigwa chapa Berlin. Kipimo chake ni 1:300,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita tatu za ardhi. Msomaji hana budi kuzoea tahajia yake: Kilimanjaro imeandikwa Kilimandscharo, na Machame ni Madschame. Kadhalika walikuwapo Moshi wawili, Alt-Moschi, yaani ya zamani huko mlimani, na Neu-Moschi, yaani mpya huko tambarare. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, ilifika kwa huyo mpya, na mji mkubwa wa leo ukakua penye stesheni. Hata kilele kiliitwa kwa jina la mfalme wa Ujerumani, mpaka kilipopewa jina la Uhuru mwaka 1961. Mlima haukusogea, ila waliokuwa na kalamu walibadilika.

Lakini ramani hiyo ni ndogo mno kwa habari ya mfongo. Tukatafuta zile za kipimo cha 1:50,000, zilizochorwa kwa picha za ndege baada ya Vita Kuu ya Pili. Hapo sentimita mbili ni kilomita moja, na mistari ya kontua huunganisha mahali penye kimo sawa. Mistari ikisongamana, mteremko ni mkali. Ikiachana, nchi ni sawa.

Tena tulijifunza jambo lililotustaajabisha. Mto hukata kontua na kushuka kwa njia ya mkato, kwa kuwa maji hupenda kuteremka. Ukiona mstari wa samawati unaokwenda ubavuni mwa kilima karibu sambamba na kontua, ukishuka kidogo kidogo tu, ujue kwamba hayo maji hayakwenda huko kwa hiari yake, yaliongozwa na mkono wa mtu. Wageni wa Kizungu waliofika katika karne ya 19 waliikuta mifongo ya namna hiyo ikitiririka. Wazee wetu waliipima bila darubini wala karatasi, nayo haikukosea mteremko.

Tukauona mfongo wetu katika ramani. Basi, neno la “juzi” likaanguka. Lakini banio lake lilichorwa juu zaidi ya lile lililodaiwa na watu wa chini, katikati ya vihamba vya watu wa juu, nao wasingeweza kuambiwa kwamba hawana sehemu. Tukapanda na wazee wa pande zote mbili, ramani mkononi, mpaka tukayakuta mawe ya banio la kale chini ya majani. Ramani ilituonyesha mahali, lakini haikujua jina la ukoo uliochimba wala siku za zamu. Hayo alituambia bibi mmoja mzee, aliyekuwa akipeleka chakula kwa wachimbaji alipokuwa mtoto, kila mfongo ulipofanyiwa matengenezo. Zamu zikagawanywa upya, na pande zote zikapanda masale mahali pa makubaliano.

Hivyo ramani ni shahidi mwema, ila yapasa ahojiwe pamoja na wengine. Penye weupe katika ramani hapakuwa lazima patupu. Huenda palikuwa malisho, au shamba la ulezi lililopumzishwa. Katika nchi ambayo serikali ya kigeni iliwakatia walowezi mashamba, hilo si jambo dogo.

Ramani pia hutuonya. Mwaka 1912 Fritz Klute aliupima mlima, na kwa kazi yake wataalamu wamejua kuwa barafu ya Kibo na Mawenzi ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Hata hivyo, maji yetu mengi hutoka katika msitu kuliko barafu, na barafu hatuwezi kuirudisha, lakini msitu twaweza kuulinda. Ndiyo maana ule ukanda uitwao Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia msituni, ni mali ya kutunzwa.

Kwa hiyo twaomba kila chama cha msingi kijipatie nakala ya ramani ya eneo lake, kitembee nayo pamoja na wazee wake, na kuandika jina la kila mfongo, ukoo uliouchimba na zamu zake. Karatasi itadumu miaka mingi ofisini. Yule bibi aliyetukatia shauri alizikwa kabla ya kitabu hiki kupigwa chapa.