Ushahidi wa Nepi

Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London alichapisha maelezo mafupi ya maradhi yaliyowadhoofisha watoto, hasa wa kati ya mwaka mmoja na mitano. Alichokuwa nacho mbele yake ni choo chao: kingi, chepesi kama uji, kilichopauka, chenye harufu kali. Mtoto alikula, na bado alikonda huku tumbo limevimba. Gee aliandika kwamba kama kupona kupo, kutatokana na chakula. Ni chakula gani, hakuweza kusema.

Jibu lilichukua zaidi ya nusu karne. Husimuliwa kwamba Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alilipata katika majira ya baridi ya njaa ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika na wagonjwa wake wakapata nafuu. Njaa ile ilikuwa kweli na iliua maelfu. Lakini Dicke alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930, na naona si haki juhudi yake ya miaka yote hiyo kumezwa na kisa cha vita. Tena kilichowashawishi wenzake kilikuwa ni choo kilekile. Mkemia van de Kamer alibuni njia ya kupima mafuta yaliyomo kwenye kinyesi. Akiwa naye pamoja na daktari Weijers, Dicke alionyesha kwamba mtoto mgonjwa akilishwa ngano, mafuta hupita tumboni bila kufyonzwa. Ngano ikiondolewa, hali hurekebika. Tasnifu yake ilitoka 1950. Mkosaji alikuwa gluteni, protini iliyomo katika ngano, na wenzake wamo katika shayiri na rai.

Likabaki swali zito zaidi. Karibu kila mtoto wa Ulaya hula mkate, na takriban watatu hadi wanne kati ya kumi wana jeni za kinga zinazoweza kuuruhusu ugonjwa huu, uitwao seliaki. Wanaougua ni kama mmoja kati ya mia. Wengine wamenusurishwa na nini?

Mwaka 1984 Martin Kagnoff na wenzake, huko Marekani, walitaja kichocheo ambacho huenda wengine hawakukipata: virusi. Walikuta kipande cha protini ya adenovirusi aina ya 12 kinachofanana na kipande cha gluteni, wakapendekeza kwamba huenda kinga ya mwili huvichanganya viwili hivyo. Wazo lilivutia, ila watafiti waliofuata hawakuweza kulithibitisha. Jambo lililofungua njia lilikuja 1997, wanasayansi wa Berlin walipotambua kwamba kingamwili za wagonjwa hushambulia transiglutaminasi, kimeng'enya cha mwili wenyewe. Sasa tone la damu liliweza kuonyesha kinga imeanza kumgeukia mtoto, hata kabla hajaonekana mgonjwa. Kumbe inawezekana kuwafuata watoto wazima na kungoja.

Watafiti wa Denver walifanya hivyo, na mwaka 2006 wakaripoti kwamba watoto walioambukizwa rotavirusi, virusi vya kuharisha, mara kwa mara walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujenga kingamwili hizo. Mwaka 2017 kikundi cha Bana Jabri wa Chicago kilionyesha kwa panya jinsi jambo hilo linavyowezekana: reovirusi, ambayo haikuwafanya panya waugue hata kidogo, iliifanya kinga ya utumbo iichukulie gluteni kama adui badala ya chakula.

Lakini ninayeshukuru zaidi ni wazazi wa Norway. Kuanzia mtoto akiwa na miezi 3 hadi 36, kila mwezi walichukua kinyesi kutoka kwenye nepi na kukituma maabara, katika utafiti ulioanzishwa kwa ajili ya kisukari. Miaka mingi baadaye, watoto 25 kati ya 220 wenye jeni husika waligunduliwa kuwa na seliaki. Sampuli zao za zamani zikafunguliwa na kulinganishwa na za watoto 49 wasiougua. Matokeo yalichapishwa 2019: enterovirusi, virusi vya kawaida vya utotoni, vilionekana mara nyingi zaidi kwa waliokuja kuugua, na hiyo ni kabla ya kingamwili kutokea. Uhusiano huo ulikuwepo tu kwa maambukizi yaliyokuja baada ya mtoto kuanza kula gluteni, na ulikuwa na nguvu zaidi pale maambukizi yalipodumu zaidi ya miezi miwili. Adenovirusi, mshukiwa wa 1984, haikuonyesha uhusiano wowote.

Uhusiano pekee haumtii mtu hatiani. Pengine tumbo lililokwisha kudhoofika ndilo linalovikaribisha virusi. Ndiyo maana majaribio ya chanjo ya rotavirusi ya Finland yana uzito wake. Huko watoto walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa chanjo na wengine dawa bandia. Miaka zaidi ya kumi baadaye familia zao ziliulizwa kuhusu seliaki. Waliochanjwa walikuwa wameugua kwa uchache zaidi, ingawa chanjo ile ilitengenezwa kwa ajili ya kuharisha tu.