Ma: Jina la ukoo la Wachina lenye mizizi miwili

Na Mwandishi Wetu

JINA la ukoo la Ma ni miongoni mwa majina 20 yanayobebwa na watu wengi zaidi nchini China. Nje ya nchi hiyo limezoeleka kutokana na watu mashuhuri wanaolitumia, akiwamo mfanyabiashara Jack Ma, mwasisi wa kampuni ya Alibaba, ambaye taasisi yake ilituma barakoa na vifaa vya kupimia virusi vya corona katika nchi za Afrika Machi 2020. Mwingine ni Ma Ying-jeou, aliyekuwa Rais wa Taiwan kuanzia 2008 hadi 2016.

Kwa desturi ya Wachina jina la ukoo hutangulia na jina la mtu hufuata, hivyo Jack Ma kwao huitwa Ma Yun. Jina hilo la ukoo huandikwa kwa herufi moja tu, ambayo maana yake ni farasi.

Maana hiyo imewafanya wengi wadhani kwamba mababu wa ukoo huu walikuwa wafugaji. Kumbukumbu za kihistoria zinaeleza vingine. Tawi moja la jina limetokana na cheo alichopewa mshindi wa vita zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na tawi la pili limetokana na jina la Mtume Muhammad.

Mwanzo wa tawi la kwanza ni mtu aliyeitwa Zhao She, mtoza kodi ya mashamba katika dola ya Zhao, kaskazini mwa China, karne ya tatu Kabla ya Kristo (KK). Nyakati hizo China haikuwa nchi moja. Dola saba kubwa zilikuwa zikipigana kuwania ukuu. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika takriban miaka 100 KK, anasimulia kwamba watumishi wa bwana Pingyuan, nduguye mfalme, walipokataa kulipa kodi, Zhao She aliwahukumu kifo wasimamizi tisa wa nyumba hiyo. Pingyuan alighadhibika na kutaka kumuua. Mtoza kodi huyo akamjibu kuwa wakubwa wakiidharau sheria, dola hudhoofika, na dola ikidhoofika hata utajiri wa Pingyuan hautasalimika. Badala ya kumuua, Pingyuan alimpendekeza kwa mfalme.

Mwaka 270 KK hivi, majeshi ya dola ya Qin yaliuzingira mji wa Yanyu. Majenerali wengine walimshauri mfalme kwamba njia ya kwenda huko ni ndefu na nyembamba mno kuweza kuukomboa. Zhao She alikubali kwenda. Alitoka na jeshi hadi karibu na mji mkuu wa Handan, akapiga kambi na kukaa siku 28 akiimarisha ngome, hata wapelelezi wa Qin wakaamini kuwa hana nia ya kupigana. Kisha akalikimbiza jeshi lake kwa siku mbili na usiku mmoja, akakitwaa kilima cha kaskazini na kuwashinda Waqin. Mfalme alimtunuku cheo cha Bwana wa Mafu. Wapo wanaofasiri neno Mafu kuwa ni mwenye kutiisha farasi, na wapo wanaolihusisha na mlima wenye jina hilo karibu na Handan. Si ajabu farasi kutajwa hapa, kwani hata ukoo wa Zhao wenyewe unajinasibisha na Zaofu, mwendesha magari ya farasi wa mfalme wa kale.

Cheo hicho nusura kiishe kwa aibu. Zhao She alikuwa na mwana, Zhao Kuo, aliyesoma vitabu vya vita tangu utotoni na ambaye hakuna aliyeweza kumshinda kwa mabishano juu ya mbinu za kivita. Baba hakuvutiwa. Alimwambia mkewe kuwa vita ni jambo la kufa na kupona, na kijana huyu anavizungumzia kana kwamba ni mchezo. Siku atakapopewa jeshi, ataliangamiza.

Baba alikwisha fariki dunia mfalme mpya alipomteua Zhao Kuo, mwaka 260 KK, kuongoza jeshi lililokuwa likikabiliana na Qin huko Changping. Mama yake alimwandikia mfalme kumsihi autengue uteuzi huo. Alieleza kwamba marehemu mumewe aliwagawia askari zawadi zote alizopewa na mfalme, lakini mwanawe huzificha nyumbani na kutafuta mashamba ya kununua. Mfalme akasema ameshaamua. Ndipo mama akaomba jambo moja: mwanangu akishindwa, mimi nisihusishwe katika adhabu. Mfalme akakubali.

Zhao Kuo alizingirwa, jeshi lake likakaa siku 46 bila chakula, naye akauawa kwa mishale. Sima Qian anaandika kuwa askari waliojisalimisha walizikwa na Waqin, na kwamba dola ya Zhao ilipoteza watu 450,000 kwa jumla. Hata kama hesabu hiyo ilitiwa chumvi, ni vigumu kufikiria familia iliyochukiwa zaidi ya hiyo mjini Handan. Kwa desturi za wakati ule, kosa la jenerali liliweza kuwagharimu maisha ndugu zake wote. Mfalme alikumbuka ahadi yake na hakumgusa mama. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, bila ombi la mwanamke huyo, ambaye hata jina lake halikuandikwa, huenda pasingekuwapo ukoo wa kusimuliwa leo.

Kizazi cha Zhao She kiliacha kutumia jina la Zhao na kujiita Mafu, kisha Ma. Kitabu cha historia ya enzi ya Han ya baadaye, kilichoandikwa na Fan Ye katika karne ya tano, kinalisema jambo hilo wazi kinapoeleza maisha ya jenerali Ma Yuan, aliyezaliwa mwaka 14 KK na kufariki mwaka 49. Kinaongeza kuwa mababu zake walihamishwa kutoka Handan hadi Maoling, katika eneo la Fufeng magharibi mwa China, wakati wa Mfalme Wu. Binti wa Ma Yuan aliolewa na mfalme na kuwa malkia. Hadi leo familia nyingi za Ma huitaja Fufeng kuwa ndiyo chimbuko lao.

Tawi la pili halina uhusiano wa damu na hilo. Wamongolia walipoitawala China, kuanzia 1271 hadi 1368, walileta Waislamu wengi kutoka Asia ya Kati na Uajemi kuwa watawala, askari, mafundi na wafanyabiashara. Majina yao yalikuwa marefu kwa ndimi za Kichina. Jina Muhammad, kwa mfano, liliandikwa kwa herufi zilizosomeka Mahama, na herufi ya kwanza ilikuwa ile ile ya farasi. Kutoka hapo kulifanya jina la ukoo ilikuwa hatua fupi. Majina mengine yalikatwa vivyo hivyo: simulizi za Waislamu wa China zinasema koo za Na, Su, La na Ding zote zimetoka katika jina moja la Nasruddin.

Utawala wa Ming ulipowaondoa Wamongolia mwaka 1368, mfalme alipiga marufuku mavazi, lugha na majina ya ukoo ya kigeni. Mwaka 1370 alitoa amri iliyoonekana kupingana na hiyo, akiwakataza wageni kubadili majina yao kwa hoja kwamba vizazi vyao vitasahau asili. Mwaka 1372 ikaamriwa kuwa wageni hao waoane na Wachina, si wao kwa wao. Vizazi vichache baadaye, Waislamu hao walikuwa wakizungumza Kichina na kutumia majina ya ukoo ya Kichina. Ndio wanaoitwa leo Wahui, ambao sensa ya 2020 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 11. Ma ndilo jina lao kubwa kuliko yote.

Tofauti ya matawi haya ilionekana katika ndoa. Kwa karne nyingi sheria ya China ilikataza watu wenye jina moja la ukoo kuoana. Sheria ya enzi ya Tang, ya mwaka 653, iliweka adhabu ya miaka miwili ya kazi ngumu. Miongoni mwa Wahui, Ma kuoa Ma lilikuwa jambo la kawaida, kwani jina lao la pamoja halikuwa ushahidi wa babu mmoja.

Mtu wa ukoo huu anayefahamika zaidi katika pwani yetu hakufa na jina hilo. Ma He alizaliwa mwaka 1371 katika familia ya Kiislamu ya Kunyang, jimbo la Yunnan. Baba yake aliitwa Ma Hazhi, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kutambua kuwa Hazhi ni Haji. Majeshi ya Ming yalipoivamia Yunnan mwaka 1381, mtoto huyo alitekwa, akahasiwa na kupelekwa kumtumikia mwana wa mfalme, Zhu Di. Baba alifariki mwaka 1382.

Zhu Di alimpindua mpwa wake na kutwaa kiti mwaka 1402. Miaka miwili baadaye alimpa mtumishi wake jina jipya la ukoo, Zheng, kwa kumbukumbu ya ushujaa wake katika mapigano ya Zhengcunba, karibu na Beijing. Ni kwa jina hilo la Zheng He aliongoza safari saba za merikebu katika Bahari ya Hindi kati ya 1405 na 1433, ambazo baadhi yake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 Malindi ilikuwa imempelekea mfalme wa China zawadi ya twiga.

Mwaka 1405, kabla ya kuanza safari ya kwanza, Zheng He alitaka kaburi la baba yake liwekewe jiwe la kumbukumbu huko Kunyang. Maandishi yake yalitungwa na waziri Li Zhigang, na jiwe hilo lipo hadi leo. Marehemu ameandikwa kwa jina la Ma, na mwana kwa jina la Zheng.