Ushauri wa Kisheria Kabla ya Baraza: Hoja kuhusu Talaka, Mali na Watoto Tanzania Bara

Tanzania Bara, mgogoro wa ndoa hauanzii mahakamani. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtaka anayedai talaka aufikishe kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Kinachotangulia Baraza ni vikao vya wazee, wazazi wa pande mbili, shehe au mchungaji. Kwa kawaida wakili hutafutwa mwishoni kabisa, pengo likishakuwa kubwa na fedha zikishapungua. Makala hii inadai kwamba mpangilio huo umekaa kinyume. Mambo yanayoamua hatima ya mali na watoto hutendeka, au hukosa kutendeka, katika miezi ya mwanzo ya mgogoro, na kwa hiyo ushauri wa kisheria unapaswa kupatikana mlangoni pa Baraza, kabla ya kikao cha kwanza.

Ushahidi wa kwanza uko katika karatasi ya Baraza lenyewe. Hati hiyo inapaswa kutolewa na Baraza lenye mamlaka, na kueleza kwamba pande zote zimesikilizwa na usuluhishi umeshindikana. Barua ya jumla inayosema tu kwamba wanandoa wamefika ofisini na kwamba waruhusiwe kwenda mahakamani haitoshi. Mahakama ya Rufani imewahi kubatilisha mwenendo wa shauri zima la talaka kwa sababu hati halali ya Baraza haikuwapo, na wahusika wakarudi walipoanzia baada ya kupita ngazi zote za mahakama. Sheria inataja pia mazingira ambamo sharti hilo halilazimiki, kwa mfano mwenzi anayedaiwa talaka anapoishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi karibuni, au anapoitwa na Baraza na kukataa kuhudhuria kwa makusudi. Asiyeyajua anaweza kusubiri mwaka mzima ridhaa ya mtu asiyekusudia kutokea. Vivyo hivyo kwa ndoa ya Kiislamu: talaka iliyoandikwa nyumbani haijamaliza safari mbele ya sheria hii, kwani ni mahakama ndiyo inayotoa amri ya kuvunja ndoa baada ya Baraza kutimiza wajibu wake. Aliye na karatasi hiyo ya talaka mkononi huenda akadhani kila kitu kimeisha, kumbe mgawanyo wa mali haujaguswa.

Kwenye mali, gharama ya kuchelewa ni kubwa zaidi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaopaswa kuhesabiwa katika mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Uamuzi huo ni nguzo ya haki za wanawake nchini, lakini kiasi cha mchango bado huthibitishwa kwa ushahidi: stakabadhi za bati na saruji, makubaliano ya kununua kiwanja, rekodi za kikoba, mashahidi walioona nani alisimamia ujenzi. Vitu hivyo hupotea mtu anapoondoka usiku na watoto na begi moja. Kifungu cha 59, kwa upande wake, kinazuia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kinamruhusu mwenzake huyo kuweka zuio kulinda maslahi yake. Kinga hiyo ina thamani kamili kabla nyumba haijauzwa. Ikishauzwa, kinachobaki ni kesi ndefu dhidi ya mnunuzi ambaye huenda alinunua kwa nia njema.

Kuhusu watoto, uvumi umechukua nafasi ya sheria. Imeenea mno kauli kwamba mtoto akifikisha miaka 7 ni wa baba. Kifungu cha 125 hakisemi hivyo. Kinasema kwamba ustawi wa mtoto ndio msingi wa uamuzi, na kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa atafaidika kwa kukaa na mama, dhana ambayo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Baada ya umri huo hakuna anayepewa mtoto moja kwa moja. Mahakama hupima mazingira ya kila upande na husikiliza matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kujieleza. Mama anayekabidhi mtoto kwa sababu ameambiwa muda umefika, na baba anayeacha kupeleka matunzo kwa sababu mtoto haishi kwake, wote wawili wamekosa sentensi chache za maelezo sahihi. Anayeumia ni mtoto ambaye hakushauriwa na yeyote.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Wanasema mwanasheria akiingia mapema suluhu hufa, kwa sababu kila upande huanza kuhesabu madai badala ya kusikilizana. Hofu hiyo ina msingi iwapo ushauri maana yake ni wakili wa kila upande anayejiandaa kwa vita. Lakini maelezo yaleyale yakitolewa kwa wanandoa wote wawili, ndani ya chumba kimoja, hayampi mmoja silaha dhidi ya mwingine. Isitoshe, suluhu inayosimama juu ya kutojua kwa mmoja wao haidumu: mke aliyerudi akiamini hana haki yoyote amerudi kwa kukosa pa kwenda. Wengine watasema wazee na viongozi wa dini wanatosha. Busara yao katika kutuliza hasira haina mbadala, na sheria yenyewe imeitambua kwa kuruhusu mabaraza ya jumuiya. Hata hivyo kutuliza hasira na kujua masharti ya hati ni kazi mbili tofauti, na mwenye kipaji cha ya kwanza halazimiki kuijua ya pili.

Pingamizi la gharama ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa mawakili wamejaa mijini na ada zao haziwezekani kwa mkulima. Jibu lipo katika Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, ila wanaweza kuelimisha, kuelekeza na kusaidia katika utaratibu wa kupata nyaraka, na hayo hasa ndiyo yanayohitajika katika hatua ya Baraza. Kituo jumuishi cha mashauri ya familia kilichoanzishwa Temeke kinaonyesha kwamba huduma za mahakama, ustawi wa jamii na msaada wa kisheria zinaweza kukaa chini ya paa moja. Lakini kituo cha namna hiyo humfikia mtu akiwa tayari na kesi. Hatua inayofuata ni kumweka msaidizi wa kisheria aliyefunzwa katika kila kata yenye Baraza, na kulitaka Baraza lisianze kikao kabla wanandoa wote wawili hawajaelezwa, kwa Kiswahili cha kawaida, mambo manne: hati wanayoihitaji, kinga ya nyumba, ushahidi wa mchango wa kila mmoja, na haki za watoto. Maelezo hayo yanahitaji saa moja na mtu anayelipwa kuyatoa. Serikali inayolazimisha raia wapite Barazani ina wajibu wa kuhakikisha hawapiti hapo gizani.