Majina Manne ya Chuo cha Ardhi, na Jina Lako Bi Harusi



Mwari wetu akiolewa bara, Tarime au Mugumu kule Serengeti, tunamfungia kanga, udi na manukato. Karatasi za kiwanja atakachojengewa nyumba hatuziulizi.

Chuo kinachosomesha wapima ardhi, wasanifu majengo na wapangaji miji kilianza Dar es Salaam mwaka 1956 kama shule ya upimaji ardhi. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Ardhi. Mwaka 1996 kikaitwa UCLAS, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Anayetafuta tasnifu ya mwanafunzi wa miaka ya 1980 akitumia jina la leo peke yake, ataikosa.

Mkoa wa Mara nako ni hivyo hivyo. Mwaka huo huo wa 2007 Wilaya ya Rorya ilimegwa kutoka Tarime, kwa hiyo hati ya zamani ya kiwanja cha Rorya husomeka Tarime.

Dada yangu, majina ya vyuo na wilaya hubadilika. Lako halibadiliki: katika Uislamu mke hubaki na jina la baba yake, na mahari ni mali yake. Sheria za ardhi za bara za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

Basi ukipewa kiwanja kuwa mahari, kiandikishwe kwa jina lako kamili. Kuuliza si tamaa, ni haki yako.

Allah azitie baraka nyumba zetu, amin.